Kibandiko cha chanjo ya surua na rubela: kazi iliyobaki kati ya jaribio na kiwanda

Mwezi Aprili 2024 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Gambia, ambapo watoto walipewa chanjo ya surua na rubela kwa kibandiko kilichowekwa kwenye kifundo cha mkono kwa dakika 5 badala ya kudungwa sindano. Kibandiko hicho kilitengenezwa na kampuni ya Micron Biomedical ya Atlanta, Marekani, kwa kutumia chanjo ya Serum Institute of India. Upande wake unaogusa ngozi umejaa vijisindano vidogo mno ambavyo, vikishapenya, huyeyuka humohumo na kuiacha chanjo ndani ya ngozi, kiasi kwamba kinachobaki mkononi mwa mhudumu ni kipande kisicho na ncha ya kumchoma mtu. Walioshiriki ni watu wazima 45, watoto 120 wa umri wa miezi 15 hadi 18, na wengine 120 wa miezi 9 hadi 10. Katika kundi hili la mwisho, dozi moja ya kibandiko iliwapa kinga ya surua asilimia 93 ya watoto, ilhali sindano ya kawaida iliwapa asilimia 90. Kwa rubela, makundi yote mawili yalifika asilimia 100. Suala la usalama lililojitokeza zaidi lilikuwa ugumu kidogo wa ngozi mahali palipobandikwa, ambao uliisha wenyewe.

Msomaji wa matokeo haya ana haki ya kuuliza kwa nini vibandiko hivyo havijajaa katika vituo vya afya. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba fedha za kujenga kiwanda hazijapatikana. Jibu hilo ni la kweli kwa sehemu tu, tena linaficha jambo lenyewe. Katika kisa hiki gharama haimo hasa katika kuunda vijisindano, kwa sababu kuviunda ni kazi iliyokwisha kueleweka. Gharama imo katika kumkausha kirusi aliye hai bila kumuua, katika kuweka kila hatua safi bila nafasi ya kutakasa mwishoni, na katika kuthibitisha ubora wa bidhaa ambayo kila kipande chake ni dozi moja.

Kwa nini kichupa hakitoshi

Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, kwa kawaida cha dozi 10, pamoja na maji maalumu ya kuichanganyia. Ikishachanganywa, yote isiyotumika ndani ya saa 6 lazima itupwe. Mhudumu aliyekwenda kijiji chenye watoto wanne hana budi kuchagua kati ya mambo mawili mabaya: afungue kichupa na kutupa dozi sita, au awaambie wazazi warudi siku nyingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini mtu anayeulizwa na mkubwa wake kuhusu dozi zilizopotea husita.

Kuchanganya kwenyewe kuna hatari zake. Mwaka 2017, katika eneo la Kapoeta nchini Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kupewa chanjo ya surua iliyochafuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la sindano la kuchanganyia lilitumiwa kwa siku kadhaa na chanjo ilikaa nje ya ubaridi. Kibandiko kinaondoa hatua hiyo kabisa, kwa kuwa hakuna kinachochanganywa.

Haja ni kubwa. Kwa makadirio ya WHO na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC), mwaka 2023 watu milioni 10.3 waliugua surua duniani na watu 107,500 wakafa, wengi wao watoto wadogo. Ili ugonjwa usienee, asilimia 95 ya watoto wanatakiwa kupata dozi mbili, lakini mwaka huo dozi ya kwanza peke yake ilifikia asilimia 83. Ndiyo sababu mwaka 2020 Gavi (ubia wa kimataifa unaozisaidia nchi maskini kupata chanjo), WHO, UNICEF na washirika wao waliviweka vibandiko vya vijisindano miongoni mwa ubunifu wa chanjo unaostahili kupewa kipaumbele.

Namna kibandiko kinavyotengenezwa

Wazo si jipya. Kampuni ya ALZA ya Marekani ilipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1976, lakini wakati huo hapakuwa na njia rahisi ya kuunda ncha ndogo kiasi hicho. Njia ilipatikana pale wahandisi walipoazima mitambo ya kutengenezea chipu za kompyuta. Mwaka 1998 kikundi cha Mark Prausnitz na wenzake, katika chuo cha Georgia Tech, kilionyesha kwamba vijisindano vya silikoni vinaipitishia ngozi vitu ambavyo kwa kawaida haiviruhusu. Kizuizi chenyewe ni chembamba mno: tabaka la juu la seli zilizokufa, lenye unene wa mikromita 10 hadi 20 katika sehemu nyingi za mwili (mikromita 1,000 ni milimita moja). Ukilivuka hilo umeingia mahali penye seli nyingi za kinga, na bado hujaufikia mshipa mkubwa wa fahamu.

Kwa vijisindano vinavyoyeyuka, njia iliyozoeleka ni ya kalibu. Kwanza huchongwa nakala mama yenye vijisindano vinavyochomoza, kwa mwanga, kwa leza au kwa mashine ya kuchonga. Juu yake humiminwa mpira laini wa silikoni ambao, ukiganda na kubanduliwa, huacha vishimo vyenye umbo la vijisindano. Ndani ya vishimo hivyo hutiwa chanjo iliyochanganywa na sukari na polima inayoyeyuka majini. Kimiminika hakiingii chenyewe mpaka chini, kwa kuwa hewa hunaswa katika ncha ya kishimo. Hivyo kalibu huwekwa katika ombwe au huzungushwa kwa kasi ili kimiminika kisukumwe ndani. Kisha huongezwa tabaka la pili lisilo na chanjo ili kuwe na kitako, vyote vikaushwe kwa saa nyingi, kibandiko kibanduliwe, kikaguliwe, na kufungwa peke yake pamoja na kitu cha kunyonya unyevu.

Mezani pa maabara, mtu mmoja mwenye mikono mizuri anaweza kufanya hatua zote hizi. Malighafi ni za bei ndogo, na kalibu moja hutumika tena. Mtu akitazama hapo tu ataona bidhaa ya bei nafuu sana, na makala nyingi za kusifu vijisindano huishia hapo.

Hesabu ya kirusi

Tuchukue kijisindano chenye umbo la koni, urefu wa mikromita 650 na kitako chenye upana wa mikromita 200, ambavyo ni vipimo vya kawaida katika fani hii. Ujazo wake ni takriban milimita 0.007 za ujazo. Vijisindano 100 vya namna hiyo, yaani kibandiko kizima, vinabeba chini ya mikrolita moja. Dozi ya kawaida ya sindano ni nusu mililita, yaani mikrolita 500. Kwa hiyo kile ambacho hudungwa katika ujazo wa mikrolita 500 lazima sasa kiingie katika nafasi iliyo ndogo zaidi ya mara 700.

Kwa chanjo iliyokufa au kwa homoni, jambo hilo linavumilika: unaongeza ukolezi. Kirusi cha surua ni hai, na kinga yake hutegemea kubaki kwake hai. WHO inataka kila dozi iwe na angalau vizio 1,000 vya virusi vyenye uwezo wa kuambukiza seli hadi siku ya mwisho ya matumizi. Kirusi hufa wakati wa kukolezwa, hufa wakati wa kukaushwa, na huendelea kufa polepole katika hifadhi. Mtengenezaji hana budi kuweka akiba juu ya akiba, na akiba hiyo ni chanjo halisi yenye bei. Kama theluthi mbili za virusi hufa katika ukaushaji, kibandiko kimoja kimekula chanjo ya vibandiko vitatu kabla hakijatoka mlangoni. Virusi vinavyosambaa kutoka kwenye ncha kuingia kitakoni wakati kimiminika bado kibichi navyo ni hasara, kwa sababu kitako hakiingii mwilini.

Hapa ndipo saa za kukausha zinapogeuka kuwa fedha. Ukiongeza joto ili uharakishe, unaua virusi. Ukikausha polepole, unaweka maelfu ya kalibu zikisubiri ndani ya chumba ghali kuliko vyote kiwandani.

Chumba hicho ni ghali kwa sababu bidhaa hii haiwezi kutakaswa mwishoni. Mionzi au gesi inayoua bakteria itaua na kirusi cha chanjo. Hata kuchuja hakusaidii: chujio la kawaida la kuondoa bakteria lina matundu ya mikromita 0.22, yaani nanomita 220, na kirusi cha surua chenyewe kina ukubwa wa nanomita 100 hadi 300, hivyo sehemu kubwa ya chanjo ingebaki juu ya chujio. Usafi unapaswa kulindwa tangu seli zinakokuzwa hadi pakiti inapozibwa. Baadhi ya watengenezaji wanajenga hoja kwamba kijisindano hakifiki mbali ndani ya mwili, na kwamba kiwango kidogo cha vijidudu kinachodhibitiwa kingetosha. Hoja hiyo ina mantiki, na ikikubaliwa itapunguza gharama sana. Hata hivyo sioni mamlaka ya dawa ikiikubali kwa haraka kwa bidhaa inayowekwa kwa mtoto wa miezi 9 mwenye afya, na anayepanga kiwanda kwa kuitegemea anacheza kamari.

Hesabu ya laini ya uzalishaji

Sasa tufikirie laini ya vibandiko milioni 10 kwa mwaka, kiasi kidogo katika dunia ambayo watoto zaidi ya milioni 130 huzaliwa kila mwaka na kila mmoja anahitaji dozi mbili. Kwa siku 250 za kazi, hiyo ni vibandiko 40,000 kwa siku. Nafasi si tatizo: kama kila kibandiko kina sentimita moja ya mraba, vibandiko vyote vya siku nzima vingetandazwa kwenye mita 4 za mraba. Tatizo ni mwendo. Katika zamu ya saa 8, kibandiko kimoja lazima kikamilike kila baada ya sekunde 0.7 hivi, na katika muda huo mtu au mashine iamue kama vijisindano vyake 100 viko vyote, viko wima, vina ncha, na vina kiasi sahihi cha chanjo.

Kamera nzuri inaweza kuona kijisindano kilichovunjika. Haiwezi kuona kama virusi vilivyomo ni hai. Kipimo cha hilo huchukua siku kadhaa, hufanywa kwenye seli zilizo hai, na huharibu kibandiko kinachopimwa. Kwa hiyo hupimwa sampuli, na vibandiko vilivyosalia hukubaliwa kwa imani kwamba laini haikuyumba. Linganisha na kichupa: ukaguzi wa kichupa kimoja umemaliza dozi 10, na kwa dozi 40,000 unakagua vichupa 4,000 tu. Kibandiko kimepoteza faida hiyo kwa asili yake, na hakuna uhodari wa kuunda ncha utakaoirudisha.

Kisa ndani ya kisa: bechi zisizofanana

Anayedhani kwamba ninakuza jambo la ukaguzi na la bechi, yaani mafungu ya bidhaa yanayotengenezwa kwa mkupuo mmoja, aangalie yaliyoipata kampuni ya Zosano Pharma ya California. Ilirithi teknolojia iliyokuzwa ALZA, kampuni ileile ya hataza ya 1976, na bidhaa yake ilikuwa rahisi kuliko chanjo hai kwa kila kipimo: vijisindano vya titani vilivyopakwa zolmitriptan, dawa ya kipandauso inayojulikana miaka mingi, yenye molekuli ndogo na imara. Kwa wagonjwa ilifanya kazi. Lakini Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kuiidhinisha. Katika majaribio ya awali watu watano walikuwa wameonekana na kiwango cha dawa damuni kilichopita matarajio, na bechi mbalimbali zilizotumika hazikutoa viwango vinavyofanana. FDA ilitaka kampuni ionyeshe kwamba bechi tatu kati ya zile za majaribio zinalingana. Kampuni haikuwahi kuvuka kizingiti hicho, na Juni 2022 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Nasisitiza kisa hiki kwa sababu waliokiandika walikiweka mara nyingi chini ya habari za masoko ya hisa. Kwa mtengenezaji wa vibandiko ni habari ya kiufundi. Kilichoulizwa na FDA hakikuwa kama vijisindano vinapenya, kwani hilo lilikuwa limekwisha kujulikana. Iliulizwa kama kibandiko cha leo ni sawa na kile cha mwaka juzi. Swali hilo litaulizwa pia kwa kibandiko cha surua, kwa kuwa vilivyotumika Gambia vilitoka katika uzalishaji mdogo, na vitakavyouzwa vitatoka katika mashine tofauti, zenye kalibu tofauti na mwendo tofauti wa ukaushaji.

Njia nyingine zilizopo

Wapo wanaoikwepa kalibu au angalau kuhamisha ugumu wake. Kampuni ya Vaxxas, iliyofungua jengo la uzalishaji Brisbane, Australia, mwaka 2023, hutumia vipande vya plastiki vyenye maelfu ya ncha fupi, kisha chanjo hupakwa juu yake. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba plastiki inaweza kufyatuliwa kwa mashine za kawaida za viwandani na kutakaswa kwa mionzi kabla chanjo haijaigusa. Chumba ghali kinabaki na kazi ya kupaka na kukausha tone dogo tu. Lakini kinahitajika kifaa cha kukisukuma kibandiko ngozini kwa kasi, nacho kina bei.

Watafiti wa Korea Kusini walieleza mwaka 2013 njia ya matone: tone huwekwa kati ya bamba mbili, bamba huvutwa zitengane ili tone lirefuke, na hewa hupulizwa hadi likauke likiwa na umbo la ncha. Kazi humalizika ndani ya dakika 10 hivi bila joto kali, na chanjo yote imo kwenye tone, haipotei kitakoni. Njia hii tayari inatengeneza vibandiko vya urembo vya asidi ya hayaluroniki. Soko hilo la urembo, Korea na Japani, hutajwa sana kama ushahidi kwamba uzalishaji mkubwa unawezekana. Unawezekana, ndiyo, lakini kibandiko cha urembo hakidaiwi kuwa na kiumbe hai, wala dozi iliyopimwa, wala chumba kisicho na vijidudu, na hayo matatu ndiyo yanayobeba gharama.

Mwaka 2023 watafiti wa MIT walionyesha mashine ya mezani inayochapisha vibandiko vya chanjo ya mRNA, ikitumia mkono wa roboti kutia chanjo katika kalibu na ombwe kuivuta hadi nchani. Toleo lile lilitoa vibandiko 100 kwa saa 48. Kwa mlipuko wa ugonjwa katika mji uliotengwa, hilo ni jambo la maana. Kwa laini yetu ya vibandiko 40,000 kwa siku, zingehitajika mashine 800 za aina hiyo, kila moja ikiwa na swali lake la bechi.

Fedha, na nani atangulie

Novemba 2023 Micron Biomedical ilitangaza ruzuku ya dola milioni 23.6 kutoka Bill & Melinda Gates Foundation kwa ajili ya uzalishaji wa kibandiko hiki. Ni fedha nyingi kwa maabara na za kuanzia tu kwa kiwanda cha chanjo hai. Mwenye mtaji wa kumalizia huuliza nani atanunua. Gavi na UNICEF kwa kawaida hawaahidi kununua bidhaa ambayo haijapita awamu ya tatu, yaani jaribio kubwa la mwisho kabla ya idhini, na kupata ithibati ya WHO. Na awamu ya tatu haina maana kubwa kama vibandiko vyake havikutoka katika laini itakayouza. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na kila mmoja ana sababu ya haki.

Kwa maoni yangu, pa kuukatia mduara huo ni pale kwenye laini. Ruzuku zinazofuata zingefaa zilipie mtambo mdogo lakini wa kweli, ambao kalibu zake, ukaushaji wake na kamera zake za ukaguzi ndizo zitakazotumika sokoni, na awamu ya tatu itumie vibandiko vya mtambo huo pekee. Mtambo ukihitaji kukuzwa, ukuzwe kwa kuongeza moduli nyingine zinazofanana nao, badala ya kubuni mashine mpya kubwa itakayoibua tena swali lililoiangusha Zosano. Njia hii haifikii bei ya chini kabisa kwa kila kibandiko. Faida yake ni kwamba kilichopimwa ndicho kitakachouzwa.

Ipo pia haja ya kuacha kushindanisha bei ya kibandiko na bei ya dozi iliyomo kichupani, ambayo kwa nchi zinazosaidiwa na Gavi haifiki dola moja. Kibandiko kitashindwa mashindano hayo kwa miaka mingi. Pale penye watoto 10 au zaidi kwa kikao, karibu na jokofu na mhudumu aliyefunzwa, kichupa ndicho cha kununua. Palipo na watoto wanne, chanjo pekee, kabla ya kuhesabu mabomba, sanduku la taka kali na mnyororo baridi, imegharimu mara mbili na nusu kwa kila mtoto aliyechanjwa. Palipo na watoto wawili, mara tano. Nchi inayojua idadi ya vikao vyake vya namna hiyo inaweza kueleza ni vibandiko vingapi inavihitaji na kwa bei gani vinaanza kuwa nafuu kuliko kichupa. Oda za kwanza zipangwe juu ya hesabu hiyo, na laini ya vibandiko milioni 10 kwa mwaka itapata wanunuzi kutoka vikao vidogo peke yake, kabla haijalazimika kushindana na kichupa mahali ambapo kichupa kinafanya kazi vizuri.